Jasho la Farasi Mwekundu

Bonde la Herlen
28 Aprili 2005

Mdogo wangu Tsevelmaa,

Umevuka baridi salama? Sisi tumevuka. Kondoo wamekonda hadi wanaoneana haya, lakini wanatembea. Afya yangu ni ile ya mtu ambaye hajaulizwa tangu Julai iliyopita. Sikulaumu. Nasikia karatasi zimepanda bei mjini.

Nina mambo mawili, na kwa kuwa wewe ni mtu wa maabara nitayasema kama nilivyoyaona, bila kuyapaka mafuta.

La kwanza ni kamba. Nimerudisha farasi kwenye kamba ya kufungia, nguzo mbili zile zile. Farasi ni sita, kamba inabeba saba. Wote sita wanasimama wakiacha wazi nafasi ya tatu kutoka kaskazini, pale alipokuwa akisimama marehemu Mwekundu. Nimewasogeza, wamerudi. Nikamfunga jike mzee pale pale kwa mkono wangu. Alivumilia muda wa bakuli moja la chai, kisha akakata kamba. Jirani yangu Dulamjav anasema ni upepo. Sijawahi kuona upepo unaohesabu hadi tatu.

La pili ni kibao cha baba, kile cha mdomo wa ndege mwari tunachokwangulia farasi jasho. Kinaning'inia mlangoni mwa hema kama kawaida yake. Tangu theluji ianze kuyeyuka, kila asubuhi nakikuta kimelowa. Si umande, maana mlango ni mkavu na hata uzi wake ni mkavu. Kimelowa ule ukingo wa kukwangulia tu. Nimeonja, kwani ulimi wa mkufunzi wa farasi hauombi ruhusa. Maji matupu, kama ya chemchemi. Basi huko aliko, mazoezi yanamwendea vizuri.

Kijivu, mdogo wake, ametimiza miaka mitano. Nitamfunga kwa mazoezi mwezi wa sita na atakimbia tarehe kumi na moja Julai, mbio zile zile, umbali ule ule. Watu wanasema nisithubutu. Walikosea kusema.

Nyumbani ni kwako, njoo utakapo. Sindano iache mjini.

Kaka yako,
Norov


Ulaanbaatar
6 Mei 2005

Kaka yangu Norov,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, sikufika hata mlangoni. Samahani kwa kimya changu. Nilikuwa nasubiri uniandikie maneno hayo ya sindano uliyoandika mwishoni. Sasa umeyaandika, nami naweza kusema.

Juni iliyopita nilikuja kwenu na kazi yangu. Nilikuomba kipande cha msuli wa paja la Mwekundu, kikubwa kama punje ya mtama, ukaniruhusu. Siku kumi na mbili baadaye alikimbia kilomita ishirini na tano, akawa wa nne. Kabla watu hawajamaliza kuimba, mapaja yake yalikuwa magumu kama mbao na mkojo wake mweusi kama chai ya tofali. Alikufa asubuhi yake, kichwa kikiwa mapajani mwako. Mtu mmoja akasema ni sindano, kisha watu wote wakasema ni sindano. Nikarudi mjini na jina hilo. Tangu siku hiyo sijashika sindano, Kaka. Mkono unatetemeka. Nimekuwa daktari wa kuandika vibandiko vya chupa.

Kuna kitu sijakuambia. Kabla ya kumdunga, nilimtoa damu kidogo. Kichupa hicho kimelala kwenye jokofu letu la kugandishia kwa miezi kumi, na jina lake kwa mwandiko wangu. Sikuthubutu kukigusa. Jokofu hilo lina baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Wenzangu wakilifungua wanatokewa na mvuke wa barafu. Mimi nikilifungua napigwa usoni na pumzi ya moto, yenye harufu ya nyasi zilizotafunwa. Nimeacha kuwasimulia.

Juzi, baada ya barua yako, nilikitoa nikakipima.

Nitakueleza kama ningemweleza baba. Hewa anayovuta farasi ndiyo moto wa mbio zake. Lakini moto huo hurusha cheche, na cheche huunguza nyama ya msuli kutoka ndani. Kwenye karatasi zetu tunasema msongo wa oksijeni. Wewe ita kutu. Mwili una walinzi wa kuzima cheche hizo. Farasi akizoeshwa polepole, walinzi wanaongezeka. Akikimbizwa kabla ya wakati, cheche zinawashinda walinzi, na nyama inaungua huku ngozi ikimeta vizuri tu. Damu ya Mwekundu ilikuwa imejaa moshi huo, nami nilikuwa bado sijamgusa. Alikuwa anaungua tayari. Hakuwa amekomaa.

Baba alitufundisha sote wawili pale kambani. Jasho la kwanza ni zito, lina chumvi ya kukausha ulimi. Siku likigeuka jepesi kama maji, farasi yuko tayari. Wewe ulimwonja Mwekundu, Kaka. Jasho lake lilisemaje?

Nakusihi, usimkimbize Kijivu.

Mdogo wako,
Tseve


Bonde la Herlen
16 Mei 2005

Tsevelmaa,

Barua yako imekuja na Puntsag wa lori, pamoja na pipa la dizeli na mifuko mitatu ya unga. Dizeli ndiyo iliyofika ikiwa na moto mdogo zaidi.

Kutu, mdogo wangu, ni ya chuma. Nimefunza farasi miaka arobaini na mmoja, sijawahi kumpaka hata mmoja grisi.

Mimi sikusema ni sindano. Watu ndio waliosema. Mimi nilikuwa nimesimama tu karibu nao.

Umeuliza jasho lilisemaje. Lilikuwa maji. Nilionja mbele ya watu saba, muulize yeyote kati yao. Gombosuren alikuwepo, na unajua angefurahi kiasi gani kuniona nimekosea. Tena yeye mwenyewe aliniletea farasi wake wawili siku hiyo hiyo niwaonje, kwa kuwa bonde zima linajua ulimi uko wapi. Wako wanaonong'ona kuwa nimezeeka tangu nilipoanguka barafuni ile sikukuu ya Mwezi Mweupe ya mwaka juzi. Nilianguka kwa kisogo. Ingekuwa uso ningesikitika, ingawa uso wenyewe haukuwa na cha kupoteza. Siku tatu nililala, ya nne nikapanda farasi.

Nafasi ya tatu bado iko wazi. Juzi mchana kweupe niliona nyasi za pale zimelala, kama zilizokanyagwa. Nikawanyima nyasi wale sita ili nijue anayekula ni nani. Asubuhi nafasi ya tatu ilikuwa imelambwa safi, na wale sita wananitazama kwa njaa kama jamaa wa marehemu.

Huoni anataka nini? Ametoka wa nne, na hakuzaliwa kuwa wa nne. Anataka mdogo wake amalizie.

Norov


Ulaanbaatar
23 Mei 2005

Kaka,

Ukijibu hata la uzee, ambalo sikuuliza, najua nimegonga mlango wenyewe. Lakini sitabishana na watu saba.

Kama huwezi kuacha, basi nisaidie angalau kumlinda Kijivu. Nampa Puntsag kopo la poda nyeupe. Ni chakula cha wale walinzi niliokueleza. Kijiko kimoja kwenye maji yake kila jioni. Ikipata unyevu njiani huharibika, na ladha yake hufifia kabisa. Ionje kwanza, najua utaionja tu, uniambie kama imefika nzima. Haihitaji ujuzi, mtoto mchanga angejua.

Na umwongezee siku, Kaka. Siku ni dawa kuliko poda.

Jana mkuu wetu alinituma kwenye jokofu nikamletee sampuli za ng'ombe. Nikalifungua kwa macho yaliyofumbwa, na kitu laini kikagusa kiganja changu, kama mdomo unaotafuta sukari. Nimemaliza siku nikinawa mkono.

Tseve


Bonde la Herlen
2 Juni 2005

Mdogo wangu,

Poda imefika nzima. Niliionja kabla Puntsag hajazima injini. Ina utamu mdogo, kama sukari ya mjini iliyokaa sana dukani. Kijivu anaikunjia pua, lakini huyo hukunjia pua hata mvua.

Nimeshamfunga. Amekimbizwa mara mbili kutolewa jasho, na nitakuambia kitu cha ajabu: mara ya pili tu, jasho limekuwa maji. Baba hakuwahi kupata farasi wa namna hiyo. Nikamwambia Dulamjav, "Huyu amezaliwa amekomaa." Akanijibu, "Hata mwanangu walisema hivyo, na sasa ana miaka tisa na anaogopa mbuzi." Binti yake huyo ndiye atakayempanda.

Lingine. Alipokuwa anarudi kutoka mlimani, vumbi lilikuwa la farasi wawili. Najua vumbi, nimelitazama maisha yangu yote nikisubiri farasi wangu watokee. Moja lilikuwa la Kijivu. La pili lilikuwa mbele yake, linamkata njia, linamrudisha nyuma. Alipofika alikuwa peke yake.

Nadhani anamfundisha.

Kaka yako,
Norov


Ulaanbaatar
9 Juni 2005

Kaka yangu,

Ile poda ina ladha chachu. Ni chachu kuliko mtindi wa siku tisa, inafumba jicho. Puntsag aliilamba kwenye ukucha hapa hapa mbele yangu, akatema kuanzia mlango wa maabara hadi kwenye lori, na anasema alifika daraja la Herlen bado anatema. Ikiharibika haibaki na ladha yoyote. Haiwi tamu, Kaka. Hakuna namna ya kuwa tamu.

Wewe uliona ni nyeupe, ukakisia sukari.

Tangu lini? Tangu barafu?

Kama huna ulimi, jasho la kila farasi kwako ni maji.

Tseve


Bonde la Herlen
19 Juni 2005

Dada Tseve,

Hujambo huko? Ni mimi Dulamjav wa hema la pili. Usishangae mwandiko, naandikia juu ya kifuniko cha pipa.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne. Mzee Norov aliisoma amesimama pale kambani, akaisoma tena, akaikunja ikawa ndogo kama jino. Nikamuuliza, "Dada hajambo?" Akasema, "Ana afya nzuri kuliko inavyofaa." Kisha akakiosha kile kibao cha mwari kwa maji ya moto, akakikausha, akakitundika. Tangu siku hiyo hasemi. Farasi anawahudumia, chai anakunywa, lakini hasemi, na wewe unamjua, yeye hata mbuzi huwatolea maoni.

Sijui umemwandikia nini na siulizi. Lakini wacha nikuambie langu. Mwezi uliopita nilitia chumvi kwenye chai kama kawaida yetu, nikasahau, nikatia tena. Mwanangu alikimbilia mtoni. Mzee akanywa bakuli mbili na kusema, "Leo umejitahidi." Nikadhani ananitania.

Kijivu bado yuko kambani. Mwanangu atampanda, nami nimeshatoa neno langu. Mbele ya bonde zima siwezi kulirudisha bila sababu, na sababu sina. Kama wewe unayo, nipe.

Kuhusu kile ambacho watu wanasema kipo pale kwenye nafasi ya tatu: nilisema ni upepo. Jana nikikamua majike nilisikia mtu anapumua nyuma yangu kwa nguvu, kama mwenye kutoka mbioni, nikasema bila kugeuka, "Ngoja zamu yako." Nikageuka, hapakuwa na mtu wala farasi. Sisemi tena ni upepo.

Dulamjav


Bonde la Herlen
26 Juni 2005

Tseve,

Tangu barafu.

Nilipoamka siku ya nne nilikunywa chai nikaona ni maji ya moto. Nikadhani Dulamjav amebana matumizi. Nikala nyama, nikala nyasi, nikalamba chumvi ya ng'ombe kwenye jiwe lake. Vyote vilikuwa kitu kimoja. Nilikaa chini nikacheka kidogo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kulia naye.

Ungefanya nini ungekuwa mimi? Watu wa bonde hili hawaniheshimu kwa sura wala kwa mifugo. Wananiletea farasi, naonja, nasema "bado" au nasema "tayari", wanaondoka. Nilidhani ulimi utarudi. Nikajisemea macho yatatosha: mavi, tumbo, namna anavyotikisa kichwa. Macho yalininong'oneza kuhusu Mwekundu. Nikamwona anakokota mguu asubuhi moja, kidogo tu. Lakini watu saba walikuwa wamesimama, na Gombosuren kafungua mdomo anasubiri, nikapitisha ulimi kwenye kibao. Maji. Nilijua si maji. Nikasema "tayari".

Ulichoandika ni kweli, na ni kibaya kuliko ulivyoandika. Mtu asiye na ulimi, farasi wote kwake wamekomaa. Hawezi kukosea upande wa usalama, hukosea upande wa kuua tu.

Na waliposema sindano, nilikunywa chai. Ningeweza kusema neno moja. Mwekundu alikuwa mapajani mwangu, na wewe ulikuwa umepiga magoti umeshika ule mkoba wako, unalia, na nikaona kwamba tayari unaamini. Ilikuwa rahisi. Nimekuwa nikikusubiri uandike mwaka mzima, na kila siku usipoandika ninapumua.

Sasa sikia. Kijivu nimempumzisha siku kumi, kisha leo nimemkimbiza. Jasho lake liko kwenye chupa anayokuletea Puntsag. Chupa ilikuwa ya pombe. Niliimaliza kwa ajili ya kazi, nikaisuuza kwa maji ya moto mara tatu. Usiipe mashine. Weka ulimini.

Unakumbuka baba alivyotuonjesha, wewe una miaka saba? Mimi nilisema "tayari", wewe ukasema "bado", na wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Usiku ule nilimsikia akimwambia mama kwamba ulimi umekwenda kwa binti. Kibao akanipa mimi. Sikukuambia hilo pia. Naona leo namaliza ghala lote.

Jibu kabla ya tarehe kumi na moja.

Norov


Ulaanbaatar
2 Julai 2005

Kaka,

Nimesoma. Nitakukasirikia baadaye, na nitakasirika kweli, jiandae. Leo kuna kazi.

Nilifunga mlango wa maabara, nikamimina kwenye kikombe. Siku nne kwenye lori la dizeli si jambo dogo, lakini chini ya harufu ya Puntsag ilikuwepo harufu ya farasi. Nikachovya kidole. Hapo mkuu akafungua kwa ufunguo wake.

"Daktari Tsevelmaa, unakunywa sampuli?"

"Ninaonja tu, Mkuu."

Akanitazama, akatazama kikombe. Yeye ni mtu wa Gobi, baba yake alikuwa na farasi. Akafunga mlango akiwa ndani, akauliza kwa sauti ya chini, "Bado?"

Bado, Kaka. Ni zito, linanata, lina chumvi inayobana hadi kwenye masikio. Ulimi umenikauka nikajiona nina miaka saba. Kijivu anaungua kama kaka yake alivyoungua. Na Dulamjav aliyeniomba sababu, msomee hii. Mkimbize tarehe kumi na moja, na tarehe kumi na mbili utakuwa na mafuvu mawili kule juu ya kilima, ulikoweka la Mwekundu.

Puntsag ananiambia barabara ya mtoni imeharibiwa na mvua. Nimempa barua hii mkononi, nikamwapisha kwa mama yake. Ifike. Ifike.

Tseve


Bonde la Herlen
15 Julai 2005

Mdogo wangu Tseve,

Puntsag alikwama mtoni siku tano. Barua yako nimeipata tarehe kumi na mbili, siku moja baada ya mbio.

Usikunje karatasi, endelea kusoma.

Asubuhi ya tarehe kumi na moja sikuwa na neno lako. Watu walikuja kambani kama kila mwaka, wengi zaidi kwa sababu ya Mwekundu, maana hakuna anayetaka kukosa msiba wa pili. Binti wa Dulamjav amevaa kofia yake ya rangi, mama yake amemshika bega hamwachii. Farasi sita, nafasi ya tatu wazi. Nikamkimbiza Kijivu kidogo, nikamkwangua, nikapitisha ulimi.

Maji. Maji kama siku zote.

Gombosuren akasema, "Haya, Mzee, tangaza. Jua halisubiri fundi."

Nikafungua mdomo, na Kijivu akageuza kichwa kutazama nafasi ya tatu. Si yeye peke yake. Wote sita waligeuka kwa pamoja, masikio mbele, kama farasi wanavyomtazama mwenzao anayerudi. Watu waliona, kwa kuwa nao waligeuka kutazama.

Nikasema, "Sijui."

Miaka arobaini na mmoja sijawahi kulisema neno hilo mbele ya kamba. Ni jepesi kuliko nilivyodhani, ila linatoka na meno.

"Hujui nini?" akauliza Gombosuren.

"Sijui ana chumvi au hana. Sina ulimi. Nimekuwa sina tangu nilipoanguka barafuni."

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wangecheka.

"Ndiyo maana," Gombosuren akasema taratibu, "ulimaliza maziwa ya mke wangu yaliyochacha, ukaomba mengine."

"Ndiyo maana."

"Nilidhani unamtaka mke wangu."

"Ningekuwa na ulimi nisingemtaka hata kwa hayo maziwa."

Hapo ndipo walipocheka, wachache, wakaacha. Kisha akauliza lile nililokuwa nalisubiri. "Na wale farasi wangu wawili mwaka jana?" Nikamwambia sikujua kitu, walipona kwa bahati yao. Sijui kama atanisamehe. Kwa sasa ananiamkia kwa kichwa, si kwa mdomo.

Nikawaambia na la mwisho, kwa sauti ya kufika nyuma. Kwamba Mwekundu hakuuawa na sindano. Kwamba nilimuua mimi, kwa neno moja, na mdogo wangu Tsevelmaa amelibeba jeneza lisilo lake mwaka mzima nami namtazama. Mama mmoja mzee akasema, "Basi mwandikie." Nikasema, "Nitamwandikia." Ndiyo hii.

Nikamfungua Kijivu, nikamtoa hatamu, nikampiga kofi la matako. Aliondoka kwa hatua fupi fupi, ngumu kama za babu. Hata kipofu angeona. Binti wa Dulamjav alivua kofia akalala mapajani mwa mama yake palepale, mchana.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapohitaji ulimi wako na si huruma yako.

Nilidhani kibao kitakauka. Nimekiri, nimetoa farasi, nimekuosha jina. Katika hadithi mzimu huenda zake hapo. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili kilikuwa kimelowa kuliko siku zote, kinadondosha. Nikaonja, maji. Nikamwita Dulamjav. Nikamwambia, "Lamba hiki, usiulize." Akalamba, na uso wake ukajikunja wote kuelekea katikati.

"Mzee," akasema, "ni chumvi tupu."

Tangu Machi, Tseve. Kila asubuhi amekuja mlangoni mwangu akaacha jasho lake kwenye kibao cha baba, akaniambia: bado, bado, sikuwa tayari, na huyu naye bado. Na mimi kila asubuhi nimelamba nikasema maji, nikadhani ananidai mbio.

Siwezi kumsikia. Nitaendelea kumjibu vibaya kila siku hadi nife. Kwa hiyo kibao kinakuja kwako, kilikostahili kwenda tangu mwanzo. Majira yajayo njoo nacho, na sindano yako pia. Nitamshika Kijivu kichwa mwenyewe, na nitakushika mkono ukitetemeka.

Nimekikausha kwa kitambaa, nikakifunga kwa ngozi mara mbili, nikakishona. Puntsag amekiweka kwenye kiti cha mbele. Amewasha injini, sasa amezima, ameshuka, anakuja hapa ninapoandika. Anasema kiti chake kimelowa na mzigo wangu unavuja.

Onja, uniambie.

Kaka yako,
Norov